Masika ya Ndoo Nyeupe

Sofu, Kibaha. Jumamosi, 2 Machi 2024

Mwaka huu natimiza miaka hamsini nje ya Mzenga. Niliondoka mwaka 1974, watu walipokuwa wakihamishiwa kwenye vijiji vipya. Nyumba ya baba ilivunjwa asubuhi, na mchana tukaonyeshwa kiwanja kando ya barabara. Baba alikubali akakaa. Mimi, kijana wa miaka ishirini na miwili, nilishika njia ya Mlandizi nikisema nitarudi baada ya mavuno. Nikapata kazi ya kufuta vumbi maktaba hapa Kibaha, na humo humo nikazeeka, hadi nikastaafu nikiwa ndiye mwenye funguo. Mavuno mengi yamepita.

Lakini safari hii ni kweli. Nyumba niliyoijenga kwenye kiwanja cha marehemu baba imeezekwa. Imebaki milango na madirisha tu. Fremu za mninga ziko tayari, zimeegemezwa ukutani hapa sebuleni, na kila anayepita anajigonga kidole cha mguu. Mke wangu, Sikuzani, amekwisha kugawa vyungu vyake viwili kwa majirani. Naye ni mtu wa Mzenga, na dada yake mkubwa, Mwanamkuu, yuko huko bado, nyumba ya tatu kutoka yetu. Tumekubaliana tutahama masika yakiisha, kwa sababu barabara ya Mlandizi kwenda Mzenga haiaminiki mvua zikianza.

Nimenunua daftari hili ili niandike msimu wa mwisho wa kukaa ugenini. Mvua imeanza leo alasiri, nyepesi.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Shamsia, binti yetu, amejigonga kwenye fremu akaenda shuleni kufundisha akichechemea.

Jumanne, 12 Machi

Ramadhani mosi. Sikuzani hakufunga. Alisema tumbo limemjaa. Mtu huyu alifunga hata mwaka alipovunjika mkono, na tangu hedhi ilipomkoma, miaka kumi na miwili sasa, alikuwa akijivunia kwamba yeye hadaiwi hata siku moja. Nilimwangalia akipika uji wa futari huku ameelekeza uso ukutani. Sikuuliza.

Nitaandika jambo moja ambalo nimeliona tangu Januari. Amependeza. Mashavu yamejaa, ngozi imelainika. Nilidhani ni furaha ya kuhama.

Ijumaa, 15 Machi

Nimejua. Haswali pia. Nilipomuuliza kama amegombana na Mungu, alicheka, kisha akasema, bila kuniangalia, kwamba damu imerudi.

Alikuwa amekwisha kumpigia simu dada yake, na Mwanamkuu ana sauti ambayo haihitaji simu. Nimesimuliwa yote. Mwanamkuu alipiga kigelegele. Akasema, "Umerudi kuwa mwali wewe! Njoo tukuweke ndani upya, tukufunde, maana mara ya kwanza hukusikia." Akaagiza niambiwe nijiandae kulipa mahari ya pili. Sikuzani ananieleza haya akiziba mdomo kwa upande wa khanga, na mimi nilicheka naye. Kwa kweli nilicheka.

Anahesabu siku, kama alivyofundishwa alipokuwa mwali mwenyewe. Zikipita kumi na tano bila kukatika, tutajua la kufanya.

Jumatano, 20 Machi

Mvua ya siku nzima. Bado anahesabu.

Jumanne, 26 Machi

Siku kumi na tano zimepita jana na damu haijakatika. Jioni nilishusha kitabu cha fikihi, nikakisoma tena ili nisiseme kwa kukisia, kisha nikamwambia Sikuzani: ikizidi hapo si hedhi tena, ni istihadha, yaani damu ya ugonjwa. Haimzuii mtu na ibada. Aoge, ajisitiri, aswali na afunge.

Alifurahi sana. Alikoga, akavaa kanzu yake nyeupe, akaswali pale pale penye fremu. Mimi nilikaa na kitabu mapajani, nimeridhika kama mtu aliyemaliza kazi. Swali lilikuwa la ibada, na lilikuwa limejibiwa.

Shamsia alikuwa anasahihisha madaftari ya wanafunzi mezani. Aliweka kalamu chini.

"Baba, umesema damu ya nini?"

"Ya ugonjwa."

"Ugonjwa gani?"

Sikuzani alikuwa katika sijda. Tulisubiri amalize. Kitabu kilikuwa kimeniambia maneno mawili, damu na ugonjwa, nami nilichukua lile la kwanza tu.

Jumanne, 2 Aprili

Hospitali. Tumechelewa kwa sababu ya sikukuu ya Pasaka. Daktari ni mwanamke, Dkt. Recho, mtu wa maneno machache, mwenye kalamu tatu mfukoni na zote haziandiki. Alimpima Sikuzani kwa utrasaundi. Kwenye kifuko cha mayai cha kushoto kuna uvimbe ukubwa wa embe.

Nilimwomba anieleze taratibu, kwa sababu naelewa nikielezwa. Alivuta kiti. Alisema kwamba vivimbe vingi vya huko ni vya kawaida, anaviona kila wiki, lakini huu una tabia asiyoipenda. Akiuchanganya na ile damu, na matiti ambayo Sikuzani alimwambia yamekuwa yakiuma kama ya msichana, na hayo mashavu, anashuku aina moja ya nadra.

"Mzee, kama ni ule ninaoufikiria, unatengeneza wenyewe homoni ya ujana. Mwili wa mama unaambiwa una miaka ishirini na tano, nao unaamini."

Nikamuuliza unaitwaje. Alisita. Alisema ameuona mara moja tu tangu aanze kazi, na kuna mwingine unaofanana nao kabisa kwa nje ila una ukatili zaidi, na tiba zao si moja. Jina hatalitoa yeye. Litatolewa na mtu wa hadubini huko Dar, baada ya nyama yenyewe kukatwa vipande vyembamba na kutiwa rangi. Kazi yake yeye ni kuutoa mzima.

Watampasua baada ya Idi. Njiani Sikuzani alisema, "Kwa hiyo kile kilichonipendeza ndicho hicho." Nikamwambia kwangu mimi alikuwa amependeza hata kabla yake. Mvua ilikuwa imepungua, tulitembea hadi nyumbani.

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Pilau amepika Shamsia, chumvi imezidi. Mwanamkuu amepiga simu na safari hii hakutania.

Jumanne, 16 Aprili

Wamempasua leo. Namshukuru Mungu, yuko hai.

Mwanamkuu alikuja jana, amepita matopeni Mzenga hadi Mlandizi na kandambili mkononi. Mwanawe Latifu, fundi umeme huko Dar, alikuja asubuhi kumtolea mama yake mdogo damu. Tulikaa kwenye benchi la nje, watatu sisi na mvua ya kunyooka. Mwanamkuu aliongea tangu mlango ulipofungwa. Alimweleza kila aliyeketi karibu jinsi Sikuzani alivyozaliwa, alivyoota meno, alivyokataa mume wa kwanza. Nilitamani anyamaze. Nimetamani hivyo kwa miaka mingi.

Saa saba nesi alitoka na ndoo ndogo nyeupe ya plastiki yenye mfuniko, karatasi imebandikwa ubavuni. Aliniita peke yangu. Akaeleza kwamba kifuko chenye uvimbe na mfuko wa uzazi vimo humo ndani ya fomalini, dawa ya kuzuia visioze, visitolewe wala visioshwe, na ndugu ndio wanaovipeleka maabara Dar, maana gari la hospitali halina safari hiyo leo. Kabla sijauliza swali, mwingine alichungulia akasema presha ya mgonjwa imeshuka, mume yuko wapi.

Nilirudi benchini haraka. Nilimkabidhi Mwanamkuu ndoo, kwa mikono miwili, Latifu akiwa ubavuni pake na tayari kurudi Dar jioni.

"Shemeji, nawakabidhi."

Aliipokea kwa mikono miwili vile vile. Akainamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza siku ile hakusema kitu. Nikakimbilia ndani.

Jumapili, 21 Aprili

Tumerudi nyumbani juzi. Anakula uji na mchicha. Mwanamkuu aliondoka siku ile ile ya upasuaji, na jambo hilo lilinishangaza, lakini leo kwenye simu aliniambia ile kazi wameimaliza vizuri na nisiwe na wasiwasi. Nilimshukuru kwa moyo wote. Nilimwambia Sikuzani kwamba dada yake, pamoja na kelele zake, ni mtu wa kutegemewa.

Majibu baada ya wiki tatu.

Jumapili, 28 Aprili

Mvua. Redio inasema barabara ya Mzenga imekatika sehemu mbili.

Jumamosi, 4 Mei

Kimbunga kimepita baharini. Huku kwetu kimeangusha mpapai wa jirani na kulowesha fremu, maana paa linavuja upande wa sebule. Sikuzani amezifuta kwa khanga yake moja moja, amekaa chini, akisema mbao zilizolowa hazitakubali bawaba.

Jumatano, 8 Mei

Naandika taratibu ili niwe sahihi.

Asubuhi, sisi watatu tulipofika hospitali, Dkt. Recho aliuliza majibu. Nikampigia Latifu palepale. Akasema, "Majibu gani, baba mdogo?" Hakuwa na ndoo. Alidhani ni vitu vya mama yake. Siku ile alimsindikiza hadi kituoni, akampandisha gari la Mlandizi, ndoo ameipakata, ameifunika na mtandio.

Shamsia alichukua simu akampigia mama yake mkubwa, akaiweka sauti ya juu mezani kwa daktari. Mwanamkuu alieleza kwa sauti ya mtu anayetoa habari njema. Alifika Mzenga amelowa. Aliita wanawake wawili wa ukoo. Walimwaga ile dawa yenye harufu kali, wakaviosha vilivyomo kwa maji ya uvuguvugu mara tatu, wakavifunga kwa kitambaa cheupe na wakavizika nyuma ya nyumba yetu mpya, chini ya ukuta wa chumba cha kulala. Wakasoma Fatiha.

"Mama mkubwa, ile ilikuwa ya kupima," Shamsia alisema. "Karatasi ilikuwa imebandikwa pale."

"Karatasi nimeizika nayo. Ilikuwa na jina lake."

Mwanamkuu akaniuliza mimi, si Shamsia.

"Kwani wewe, shemeji, hukunikabidhi? Alipozaliwa huyo anayenifokea, ulinikabidhi nini? Hospitali hiyo hiyo. Ulinipa kondo la nyuma kwenye chombo, kwa mikono miwili, ukasema nawakabidhi. Nikaenda nikalizika Mzenga. Mume anapompa dada wa mke kilichotoka tumboni mwa mke, anampa akazike. Ulitaka nifikirie nini?"

Nilikumbuka. Mwaka 1984, chombo cha udongo chenye kifuniko cha kawa. Nilifanya hivyo kwa sababu baba yangu alinifundisha, nami wakati ule nilikuwa na miaka kumi tu ya kuwa mbali. Sasa mikono yangu imefanya ilichofundishwa, na mimi mwenyewe sikujua kwamba inasema kitu.

Shamsia alikuwa analia kwa hasira. Dkt. Recho aliuliza jambo moja tu, kama dawa ilimwagwa yote. Mwanamkuu akasema yote, mbali na kisima. Daktari alifunga faili.

Sikuzani alikuwa amekaa kwenye kitanda cha kupimia wagonjwa, miguu inaning'inia. Tulikuwa tumemsahau.

"Kumbe nimeshazikwa," alisema, "na sikualikwa."

Alhamisi, 9 Mei

Shamsia hazungumzi na Mwanamkuu. Hazungumzi sana na mimi pia. Nimekwenda maktaba, vijana wakanipisha kwenye kompyuta. Nimesoma kuhusu vivimbe vya kifuko cha mayai hadi macho yakauma. Sasa najua majina mengi, ya Kilatini na ya watu walioyagundua. La kwake silijui.

Jumamosi, 18 Mei

Mvua imekatika siku tano. Leo nimekwenda Mzenga, kwa gari hadi Mlandizi na bodaboda kutoka hapo. Sikuzani alinikataza kufukua. Sikumwahidi.

Nyumba imesimama vizuri. Matundu ya milango na madirisha yako wazi, mbuzi wa mtu wamelala ndani. Mwanamkuu alikuwa ananingoja nyuma ya ukuta, amevaa khanga za kilio, na jembe la mpini mfupi ameliegemeza begani. Sijawahi kumwona amepungua hivyo. Nilikuja na maneno niliyoyapanga tangu Mlandizi. Nikasema shikamoo, jambo ambalo sijawahi kumwambia, maana tunalingana umri. Akaitika marahaba bila kushangaa.

"Chimba, shemeji," alisema. "Kama ndicho kitakachomponya, chimba. Mimi nitamwomba radhi baadaye."

Nikachimba. Udongo wa pale ni wa kichanga juu, chini mfinyanzi, na maji ya masika yalikuwa yamesimama humo. Nilipokaribia, Mwanamkuu akaninyang'anya jembe, akaliweka kando, sehemu ya mwisho akaichimba yeye kwa vidole. Tulikuta kitambaa. Kilikuwa bado na fundo, amelifunga kwa ustadi, kama mtu anavyomfunga mtoto mchanga kitovu. Ndani kulikuwa na kitu cheusi laini ambacho sikuweza kukitofautisha na udongo. Karatasi ilikuwa imekuwa uji.

Nilikuwa nimekuja na chupa yenye fomalini aliyonipa Dkt. Recho, baada ya kuniambia mara mbili kwamba haitasaidia. Nilichota kidogo kwa kijiko. Mwanamkuu alishika chupa. Kilichobaki tulikifunga tena, yeye akalifunga fundo, tukarudishia udongo. Hakusoma Fatiha. Aliniuliza kama inasomwa mara ya pili, kwa kuwa mimi ndiye mwenye vitabu. Nikasema sijui.

Tulipokuwa tunanawa aliniuliza, taratibu, kama Sikuzani anaumwa sasa hivi. Nikasema haumwi, anakula, jana alifua. Akasema, "Basi kwa nini mnataka kujua jina lake?" Nilimweleza alivyonieleza daktari, kwamba ukiujua unajua dawa, na unajua utarudi lini na wapi. Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza kama ukirudi, tutaujua. Nikasema huenda, kwa kuchelewa.

Alikaa chini ukutani akajifunika uso kwa khanga. Nilikuwa nimemwona mtu wa kelele miaka yote hii, na sijui kwa nini nilidhani mtu wa kelele haogopi.

Jumatatu, 27 Mei

Mvua ndogo. Majibu ya chupa yametoka Dar: ile nyama haisomeki.

Dkt. Recho alitueleza sote watatu. Kama ni ule wa ujana, basi kuutoa huenda kumetosha, lakini una desturi ya kurudi hata baada ya miaka kumi au ishirini. Kama ni ule mwingine, utarudi ndani ya miezi. Hawezi kumpa Sikuzani dawa kali kwa ugonjwa asioujua. Kipimo cha damu ambacho kingemsaidia kukisia hakipatikani kwa urahisi, na kingekuwa na maana zaidi kama kingefanyika kabla ya upasuaji. Kilichobaki ni kumwangalia. Utrasaundi kila baada ya miezi mitatu, na hospitali mara moja akiona damu, au tumbo likijaa, au akianza tena kupendeza.

Hilo la mwisho alilisema kwa uzito, kama dalili nyingine yoyote. Hakuna aliyecheka.

Shamsia aliuliza hadi lini. Daktari alisema, "Hadi mwisho."

Jumamosi, 1 Juni

Jua. Masika yameisha, nadhani.

Mashavu ya Sikuzani yameshuka. Mikunjo ya kando ya mdomo imerudi mahali pake. Namtazama kila asubuhi anapochota maji, na nikimwona amechoka na amezeeka moyo wangu unatulia. Jana alijifunga khanga mpya akajipaka wanja, akatoka akang'aa, nami nikamtazama kwa hofu. Aliona. Alikwenda akanawa uso.

Leo Mwanamkuu amepiga simu, na Shamsia amepokea. Wameongea kwa muda mrefu. Sikusikiliza, ila nilimsikia Shamsia akisema, "Hapana, mama mkubwa, sijasema hivyo," kwa sauti ya chini.

Sikuzani aliniambia mchana niende zangu Mzenga, nimesubiri miaka hamsini. Atabaki na Shamsia, karibu na daktari, na mimi nitakuja kila miezi mitatu. "Na wala hutakuwa peke yako huko," alisema. "Nimekwisha tangulia kidogo." Alitabasamu kwa utani wake. Nilimwambia barabara ile hukatika kila masika. Akasema masika si mwaka mzima.

Alasiri amekuja fundi, nikamwomba azichonge zile fremu upya ziingie kwenye nyumba hii, mlango wa sebule na dirisha la chumba chetu. Mbili zimepinda kwa maji, hazitafaa. Mwanamkuu nimemwambia mbuzi wakae tu, ila azibe kwa matofali lile tundu la dirisha la nyuma, wasipite pale chini ya ukuta tulipofukia.

Sitarudi Mzenga.